Wadhifa na Uanachama katika Tovuti ya Masomo: Nani Aruhusiwe Kufanya Nini?

UTANGULIZI

Shule haiendeshwi kwa kila mtu kushika kila ufunguo. Mwalimu mkuu hushika ufunguo wa ofisi yake, mwalimu wa taaluma hushika ufunguo wa kabati la mitihani, na mwalimu anayesimamia stoo hushika ufunguo wa stoo. Kiranja hukabidhiwa kengele na chaki. Hakuna anayedhani kwamba kiranja amedharauliwa kwa sababu hakupewa ufunguo wa kabati la mitihani. Kila mmoja hupewa kile ambacho kazi yake inakihitaji, na kazi ikibadilika, ufunguo nao hubadilisha mikono.

Ni jambo la kushangaza, basi, kwamba shule hiyohiyo inapofungua tovuti ya masomo, utaratibu huu mwema husahaulika upesi. Akaunti moja yenye uwezo wote hufunguliwa, neno lake la siri huandikwa katika karatasi, na karatasi hiyo hubandikwa ukutani katika chumba cha walimu. Kila anayepita huingia kwa jina hilohilo. Siku alama za mtoto zitakapoonekana zimebadilika, hapatakuwa na mtu anayeweza kusema ni nani aliyezibadilisha.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwanachuo jinsi nyadhifa na uanachama vinavyopangwa katika tovuti ya masomo, na kwa nini mpango huo ni sehemu ya kazi ya mwalimu, wala si ya fundi wa kompyuta peke yake. Jambo hili linawahusu zaidi walimu wapya. Mwalimu kijana akiripoti shuleni kwa mara ya kwanza, si ajabu akabidhiwe kompyuta ya shule kwa kudhaniwa kwamba yeye ndiye anayeijua. Yafaa afike akiwa tayari.

Mfano tutakaoutumia ni Moodle. Hii ni programu ya kuendeshea tovuti za masomo, iliyoanzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Hutolewa bila malipo, na imetumika katika vyuo vikuu kadhaa nchini Tanzania, kikiwamo Chuo Kikuu Huria. Programu nyingine zina majina tofauti na sura tofauti, lakini kanuni zake zakaribiana sana na hizi.

MANENO MANNE YA KUTOFAUTISHA

Makosa mengi hutokana na kuchanganya mambo manne. Hatuna budi kuyatenganisha kwanza.

(a) Akaunti. Hii ni utambulisho wa mtu mmoja katika tovuti. Ina jina la mtumiaji na neno la siri. Akaunti hujibu swali, "Wewe ni nani?"

(b) Uanachama. Huku ni kuandikishwa katika kozi au kundi fulani. Mtu aweza kuwa na akaunti asiwe mwanachama wa kozi yoyote, kama vile mtoto aliyekwisha kupokewa shuleni lakini jina lake halijaingizwa katika rejista ya darasa lolote. Uanachama hujibu swali, "Wewe ni wa wapi?"

(c) Wadhifa. Hii ni nafasi ya kazi aliyopewa mwanachama: mwalimu, mwanafunzi, mgeni, na kadhalika. Wadhifa hujibu swali, "Umekuja kufanya kazi gani?"

(d) Ruhusa. Hii ni idhini ya kufanya tendo moja mahususi, mathalani kusoma somo, kuwasilisha zoezi, kusahihisha, kubadilisha alama, au kufuta kozi. Ruhusa hujibu swali, "Waweza kufanya nini?"

Mpangilio wake ni huu: ruhusa hufungwa pamoja zikawa wadhifa, wadhifa hupewa mtu mwenye akaunti, na hupewa mahali fulani, kwa mfano katika kozi ambayo yeye ni mwanachama. Ruhusa haipaswi kupelekwa moja kwa moja kwa mtu. Sababu yake tutaiona sasa.

KWA NINI WADHIFA, WALA SI MTU?

Tuchukue shule yenye watumiaji 300 wa tovuti, yaani wanafunzi, walimu na wazazi. Tuseme yapo matendo 20 ya kuamuliwa. Kama msimamizi ataamua juu ya kila mtu na kila tendo, ana maamuzi 300 mara 20, yaani 6,000. Hakuna binadamu atakayeyafanya hayo bila kukosea. Lakini akiunda nyadhifa 5, atafanya maamuzi 5 mara 20, yaani 100 tu, kisha atampa kila mtu wadhifa wake mara 300. Jumla ni 400. Zaidi ya hayo, ikiamuliwa kwamba wazazi wasione jambo fulani, atarekebisha wadhifa wa mzazi mara moja tu, na wazazi wote watakuwa wamefikiwa.

Wazo hili lina historia yake. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika juu ya ulinzi wa taarifa katika kompyuta. Miongoni mwa kanuni walizozieleza ni ile isemayo kwamba kila mtumiaji na kila programu ifanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaotosha kuikamilisha kazi hiyo. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn, wa taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, walieleza kwa mpango kamili namna ya kutoa ruhusa kwa kufuata nyadhifa. Mpango huo ulipitishwa kuwa kiwango rasmi nchini humo mwaka 2004. Moodle nayo, ambayo mwanzoni ilikuwa na nyadhifa chache zisizobadilika, iliingiza mfumo wa nyadhifa zinazoweza kurekebishwa katika toleo la 1.7 la mwaka 2006.

Kwa hiyo kanuni mbili za kushika ni hizi: mamlaka hutolewa kwa kazi, si kwa mtu, na mamlaka yanayotolewa ni yale tu yanayoihitajia kazi hiyo.

NYADHIFA ZA KAWAIDA

Moodle inapowekwa kwa mara ya kwanza huja na nyadhifa ambazo twaweza kuzilinganisha na zile za shule.

Msimamizi mkuu wa tovuti ana uwezo wote, wala hazuiliwi na katazo lolote. Aweza kufuta tovuti nzima. Wadhifa huu wapaswa kuwa kwa watu wachache mno. Katika shule ya msingi wawili watatosha, ili mmoja akiugua kazi isisimame.

Meneja aweza kuingia katika kozi zote na kuzirekebisha bila kuandikishwa katika kila moja. Huyu twaweza kumfananisha na mwalimu wa taaluma.

Muundaji wa kozi aweza kufungua kozi mpya.

Mwalimu hutawala kozi yake. Huweka masomo na mazoezi, husahihisha, na aweza kuwaandikisha wanafunzi. Lakini katika kozi ya mwenzake hana mamlaka hayo.

Mwalimu asiyehariri aweza kuona kazi za wanafunzi na kuzisahihisha, lakini hawezi kubadilisha masomo wala mazoezi yaliyowekwa. Huu ndio wadhifa unaomfaa mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha, mpaka mwalimu wa somo atakapoona vinginevyo.

Mwanafunzi husoma, hujibu, huwasilisha kazi, na huona alama zake mwenyewe.

Mgeni, pale kozi inaporuhusu wageni, hutazama tu. Hawezi kuwasilisha kazi wala kupewa alama.

Uko wadhifa mmoja zaidi ambao haumo katika orodha hii, lakini msimamizi aweza kuuunda, nao una faida kubwa kwa shule ya msingi. Ni wadhifa wa mzazi. Mzazi huyu haandikishwi katika kozi. Hupewa wadhifa wake juu ya akaunti ya mtoto wake tu. Hivyo ataona maendeleo ya mtoto wake, asione ya mtoto wa jirani.

MAHALI WADHIFA UNAPOFANYA KAZI

Mfano wa mzazi watufikisha kwenye jambo ambalo wanachuo wengi huliona gumu. Wadhifa hautoshi kutajwa kwa jina. Lazima itajwe pia sehemu unakofanya kazi. Katika Moodle sehemu hizi zimepangwa kwa ngazi. Juu kabisa ni tovuti nzima. Chini yake ni kundi la kozi, mathalani kozi zote za Darasa la Tano. Chini ya kundi ni kozi moja, tuseme Hisabati Darasa la Tano. Ndani ya kozi kuna shughuli moja moja, kama vile jaribio la wiki.

Wadhifa uliotolewa juu huteremka mpaka chini. Mtu akipewa wadhifa wa mwalimu katika ngazi ya kundi, atakuwa mwalimu katika kozi zote za kundi hilo. Akipewa katika ngazi ya tovuti nzima, atakuwa mwalimu kila mahali, hata katika masomo asiyoyafundisha. Hili ndilo kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote: msimamizi akiona uvivu wa kuingia katika kozi moja moja, hutoa wadhifa juu kabisa "ili mambo yaishe". Mambo hayaishi; ndiyo kwanza yanaanza. Mwalimu wa Sayansi sasa aweza kubadilisha alama za Kiswahili, pengine kwa bahati mbaya tu.

Kanuni: toa wadhifa katika ngazi ya chini kabisa inayotosheleza kazi.

MAJIBU MANNE YA RUHUSA

Kwa kila tendo, wadhifa huwa na jibu moja kati ya manne.

1. Haijawekwa. Wadhifa haukusema neno juu ya tendo hili. Kama hakuna wadhifa mwingine wa mtu huyo unaoliruhusu, hataweza kulifanya.

2. Ruhusu. Tendo limekubaliwa.

3. Zuia. Tendo limeondolewa mahali hapa, lakini laweza kuruhusiwa tena mahali pengine chini yake. Mathalani, mwalimu aweza kuzuia wanafunzi wasijibu katika sehemu fulani ya mjadala iliyokwisha kufungwa, huku wakiendelea kujibu kwingine.

4. Piga marufuku. Tendo limekatazwa, na hakuna ngazi ya chini wala wadhifa mwingine utakaolirudisha.

Mtu mmoja aweza kuwa na nyadhifa mbili mahali pamoja. Hapo, wadhifa mmoja ukiruhusu tendo, yatosha. Lakini mmoja ukilipiga marufuku, marufuku hushinda. Kwa sababu ya nguvu hiyo, marufuku itumike kwa nadra sana. Msimamizi anayepiga marufuku ovyo hujikuta baada ya miezi mitatu akitafuta kwa nini mwalimu fulani hawezi kusahihisha, asijue mlango uliofungwa uko wapi.

UANACHAMA: KUINGIA, KUKAA NA KUTOKA

Kuingia. Zipo njia kadhaa za kuandikisha wanachama. Mwalimu aweza kuwaandikisha kwa mkono, jina baada ya jina. Njia hii ni ya polepole, lakini kwa darasa moja ni salama, kwa kuwa kila jina hupita machoni pake. Njia ya pili ni wanafunzi kujiandikisha wenyewe kwa kutumia neno maalumu wanalopewa na mwalimu. Neno hilo huvuja upesi. Mtoto humpa nduguye, nduguye humpa rafiki. Mwalimu anayetumia njia hii yampasa kufunga uandikishaji mara darasa linapotimia, kisha alinganishe orodha ya tovuti na rejista ya mahudhurio. Majina yasiyomo katika rejista yaondolewe. Njia ya tatu ni kuandikisha kundi zima kwa pamoja: msimamizi huunda kundi la Darasa la Tano, na kila anayeingia katika kundi huingia katika kozi zilizounganishwa nalo.

Kukaa. Uanachama waweza kupewa tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mwanachuo aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha kwa wiki 8 aandikishwe kwa wiki 8. Siku hizo zikitimia, mlango hujifunga wenyewe bila mtu kukumbushwa.

Kutoka. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo panaposahaulika. Tuchukue mfano. Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Sita amehamishwa mwezi Juni. Ameagwa vizuri, amekabidhi vitabu, amekabidhi ufunguo wa kabati, na makabidhiano yametiwa sahihi. Lakini akaunti yake katika tovuti imebaki na wadhifa wa mwalimu. Neno lake la siri alikuwa amelihifadhi katika simu, na simu hiyo ameiuza. Mwezi Oktoba alama za watoto wanne zinaonekana zimepanda. Kumbukumbu za tovuti zaonyesha kwamba aliyebadilisha ni mwalimu yule aliyehama. Yeye yuko mkoa mwingine, hajui lolote, lakini jina lililoandikwa ni lake. Mzazi wa mtoto wa tano, ambaye alama zake hazikuguswa, anataka kujua kama matokeo ya darasa zima yana maana yoyote.

Katika mfano huu watu watatu wamedhurika: mwalimu asiye na hatia, watoto ambao alama zao hazitaaminika tena, na shule yenyewe. Yote yangaliepukika kwa kazi ya dakika mbili siku ya makabidhiano.

Namna ya kumtoa mtu nayo ina utaratibu wake. Kufuta akaunti moja kwa moja si dawa, kwa sababu kazi na alama zinazohusiana nayo zaweza kupotea nayo. Yafaa kusimamisha. Mwanafunzi aliyehama asimamishwe katika kozi: hawezi kuingia tena, lakini alama zake hubaki kwa ajili ya shule aendako. Mwalimu aliyehama aondolewe wadhifa katika kozi zote, na akaunti yake isimamishwe. Kisha mwalimu anayepokea darasa apewe wadhifa kwa akaunti yake mwenyewe, asirithishwe neno la siri la mwenzake.

AKAUNTI MOJA, MTU MMOJA

Mpango wote tulioueleza huanguka siku watu wawili wanapotumia akaunti moja. Moodle huandika kila tendo pamoja na jina la akaunti na saa, lakini haiwezi kujua ni vidole vya nani vilivyokuwa juu ya kompyuta. Mwalimu anayempa mwenzake neno la siri kwa wema, "nisaidie kuingiza alama", amempa pia sahihi yake. Kama mwenzake ahitaji kuingiza alama, njia sahihi ni kumwomba msimamizi ampe wadhifa wa mwalimu asiyehariri katika kozi ile. Baada ya kazi, wadhifa uondolewe.

Aidha, msimamizi mkuu mwenyewe yampasa kuwa na akaunti mbili: moja ya usimamizi, ambayo huifungua anapotengeneza tovuti tu, na nyingine ya mwalimu kwa kazi za kila siku. Mtu hatembei sokoni akining'iniza funguo zote za shule shingoni.

Tusisahau kwamba jambo hili lina upande wa sheria pia. Majina ya watoto, alama zao na habari za wazazi wao ni taarifa binafsi. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayekusanya taarifa za namna hiyo azitunze kwa usalama na azitumie kwa kusudi lililokusanyiwa. Shule inayoacha mlango wazi haiwezi kusema kwamba imezitunza.

JINSI YA KUJIZOEZA DARASANI

Somo hili laweza kufundishwa hata pale ambapo umeme umekatika. Wanachuo wagawanywe katika makundi ya watu watano watano. Kila kundi liandike kadi 8 za watu: mwalimu mkuu, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa somo, mwanachuo wa mazoezi, mwanafunzi, mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, na mwalimu aliyehama. Kisha liandike kadi 12 za matendo, kama vile kusoma somo, kuweka zoezi, kusahihisha, kubadilisha alama, kuona alama za darasa zima, kuandikisha mwanafunzi na kufuta kozi.

Kwa kila mtu na kila tendo, kundi lijiulize swali moja tu: "Je, kazi ya mtu huyu itakwama asiporuhusiwa tendo hili?" Jibu likiwa ndiyo, aruhusiwe. Jibu likiwa hapana, asiruhusiwe, hata kama ni mtu wa heshima kubwa. Mabishano yatakuwa makali juu ya mwalimu mkuu. Wengi watataka apewe kila kitu kwa sababu ya cheo chake. Mkufunzi awaache wabishane, kisha aulize: mwalimu mkuu ahitaji kuona alama zote, je, ahitaji kuzibadilisha? Hapo darasa litatambua tofauti ya heshima na ruhusa.

Baada ya hapo matokeo yachorwe katika jedwali, watu wakiwa upande mmoja na matendo upande wa pili. Jedwali hilo ndilo msimamizi atakalolifuata mbele ya kompyuta. Kompyuta ikipatikana, mwalimu aweza kutumia sehemu ya Moodle inayomruhusu kubadili wadhifa kwa muda, akaitazama kozi yake kama mwanafunzi aionavyo. Walimu wengi hustaajabu wakigundua kwamba zoezi walilodhani limefichwa linaonekana, au lile walilodhani limefunguliwa halionekani.

HITIMISHO

Mwalimu anayepanga nyadhifa vizuri hawanyimi wenzake imani. Anawalinda. Anamlinda mtoto, ili alama yake iwe ile aliyoipata. Anamlinda mwalimu, ili jina lake lisiandikwe juu ya kazi asiyoifanya. Na anailinda shule, ili ikiulizwa iweze kujibu. Kwa hiyo kila mwanzo wa muhula, na kila mara mtu anapohama, orodha ya wanachama isomwe jina kwa jina, na kwa kila jina iulizwe: Je, bado yupo? Bado anafanya kazi ile? Wadhifa alio nao ni mkubwa kuliko kazi yake? Rejista ya mahudhurio huitwa kila siku. Orodha ya tovuti angalau iitwe mara moja kwa muhula.

MASWALI YA KUJADILI

1. Eleza tofauti kati ya akaunti, uanachama, wadhifa na ruhusa, ukitumia mifano ya shule uliyofanyia mazoezi ya kufundisha.

2. Mjumbe wa kamati ya shule ataka kuona alama za wanafunzi wote kwa majina. Utamjibuje, na kwa sababu gani?

3. Mwalimu wa zamu ameugua, na wewe waombwa utumie neno lake la siri ili kazi isilale. Taja njia mbili za kuimaliza kazi hiyo bila kutumia akaunti yake.

4. Tengeneza orodha ya mambo ya tovuti yatakayoongezwa katika hati ya makabidhiano ya mwalimu anayehama.